Damu ya Mzee Garrod

Mama yangu, Nesta, aliishi Suffolk, mashariki mwa Uingereza, miaka arobaini, na baba bado alimwita mgeni. Mama alikuwa Mwelshi, wa milima ya Wales, upande wa magharibi. Baba, Clement Garrod, mkulima wa shayiri, alijigamba baa: "Sisi Wasaksoni halisi. Tulivuka bahari tukaja zamani za kale, hatujabanduka." Mama akikosea kitu kidogo, hata chai ikizidi majani, baba alisema, "Msameheni, mgeni huyo." Watu walicheka. Mama naye alicheka, miaka ya mwanzo.

Alipokuwa anakata roho alisema, "Nipelekeni kwetu." Tukampeleka, tukamzika Wales.

Mwaka uliofuata wataalamu walifukua mifupa ya Wasaksoni shambani kwetu. Ili kuilinganisha kwa vipimo vya nasaba, wakaomba mate ya wenyeji ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa vijiji hivi. Baba alitangulia foleni.

Majibu yalitolewa ukumbi wa kanisa.

"Mzee Garrod," mtaalamu alisema, "damu ya waliovuka bahari unayo, kama theluthi. Iliyobaki ni ya waliokuwepo kabla yao. Inafanana sana na ya watu wa Wales."

"Lo!" akapaza sauti Percy, mwenzake baba kwenye baa. "Clem, kumbe Mwelshi ni wewe! Tukununulie kondoo uwachunge milimani kama wao?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Baba aliokota kofia yake akatoka.

Garini alisema, "Angeyasikia haya mama yako."

"Angesemaje?"

"Angesema, 'Clem, mpumbavu wewe, kunywa chai.'" Akaivaa kofia yake. "Nataka nizikwe naye."

Kwetu kaburi la mke na mume huchimbwa refu kwenda chini. Anayetangulia hulala chini, anayefuata huwekwa juu yake. Tulipofika nyumbani baba alimpigia simu mjomba Emrys, kaka yake mama, huko Wales, nami nikiwa kando nikisikia yote.

"Shemeji, nikifa nileteni huko. Mniweke juu ya Nesta."

Mjomba alisema, "Clem, kaburi lile ni fupi. Mwenyewe aliniagiza. Alisema lichimbwe la mtu mmoja."

"Maumivu yale yalimchanganya."

"Hapana, shemeji. Aliniagiza zamani, kabla hajaugua."

Baba alitazama nje dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila shayiri.

"Mvua inanyesha huko?"

"Inanyesha."

"Nyingi?"

"Tangu asubuhi, Clem."

"Haya," baba alisema. Lakini hakukata simu, wala mjomba hakukata.