Sauti Inayouza Vitenge

Muuzaji ni nani? Karani wa kodi aliniuliza hivyo asubuhi, bila ubaya wowote, na mimi, mwanafunzi wa sheria niliyekwenda kwa hiari yangu kutangaza mauzo yetu ya mtandaoni, niliomba nirudi kesho.

Simu ni ya Mama. Jina linaloonekana kwa wateja ni lake, Aziza, na picha ni yake, amejifunga kitenge cha kijani. Lakini Mama tulimzika siku chache baada ya Idi, na vitenge bado vinapanda boti kwenda Isangi na ndege pale uwanja wa Bangboka. Mama hakupenda kuandika. Wateja wote aliwajibu kwa sauti alizorekodi kwenye simu. Sauti hizo zote zimo bado, na mdogo wake, Mama Nasra, huzichagua na kuwatumia wateja upya, kana kwamba zimesemwa leo.

"Andikisha jina lake tu," alisema Tonton Djuma, kaka yao, tulipokuwa tukikunja vitenge sebuleni. "Simu iko yake, sauti iko yake. Alors, shida iko wapi?"

"Tonton, atakayetia sahihi ni nani?"

"Ah, mwanasheria wetu! Tunamulipia université, yeye anaanza kufunga watu wa nyumba."

Mama Nasra hakucheka. "Karima, wakijua amekufa watanunua kwa nani? Wanamuamini yeye. Na masomo yako tutalipa na nini?"

Na mimi mwenyewe nilikuwa nikingoja wateja waulize bei, ili nimsikie Mama.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Adèle, mteja wa Isangi, imejaa furaha: "Mama Aziza! Nimezaa mutoto mwanamuke, nimemupa jina lako! Umubariki na sauti yako, nitamuwekea, atasikia akikuwa mukubwa."

Mama Nasra akaanza kutafuta kati ya sauti za Mama.

"Muzigo umefika, mwanangu." Akaiacha.

"Bei ya mwisho iko hiyo, usinichekeshe!" Mama akacheka katikati yetu. Tonton akaweka kitenge chini na kugeukia ukuta.

Mama Nasra aliendelea kupekua. "Haiko," alisema hatimaye. "Ya mutoto haiko." Akanipa simu, akajifunika uso kwa kitenge kilichokuwa mapajani mwake.

Nilimfikiria mtoto yule, ambaye angekua akingoja kukutana na bibi mwenye jina lake.

"Kesho nitaandikisha biashara hii kwa jina langu," niliwaambia, "na kodi nitailipa mimi. Adèle nitamwambia sasa hivi kwamba Mama amefariki, kisha wateja wengine wote. Sauti zake hatutazituma tena."