Pikapu Iliyovuta Magharibi

Delmar Vondra alianza na tairi, kwa sababu kila fundi mwenye akili huanza na tairi. Alizipima upepo zote nne, akakuta ziko sawa, halafu akaifungua ya mbele kushoto akaifunga kulia, na ya kulia akaihamishia kushoto. Kama kasoro iko kwenye tairi, gari lililokuwa linavuta kushoto litaanza kuvuta kulia. Ni kipimo cha bure na hakidanganyi. Alipomaliza akaiendesha ile pikapu kaskazini, kutoka nyuma ya gereji hadi mbele, akaizima, akabaki amekaa ndani huku amekunja uso.

"Inavuta kushoto," akasema. "Kama mwanzo."

Verla Pospisil, mwenye pikapu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha kahawa mkononi. Akamwambia kwamba alipokuwa akija haikuvuta kushoto hata kidogo. Ilimvuta kulia, tena nusura imtie mtaroni karibu na makaburi. Delmar akajibu kwamba gari halibadilishi upande kama mwanasiasa. Verla akasema yeye hajui siasa za magari, anajua mabega yake yanavyouma.

Pikapu ilikuwa ya Raymond, mume wa Verla, na Raymond alikuwa binamu yake Delmar, ndiyo maana fundi alimwita Verla shemeji. Ilikuwa ya mwaka sabini na nane, kijani iliyopauka, na ilikuwa imelala kwenye banda tangu Raymond apotee. Asubuhi ya siku ile Raymond alikunywa chai, akasema anakwenda na pikapu kwa jirani yao, Norbert Klima, wakazungumze habari ya maji, maana pampu mpya ya Norbert ilikuwa inakausha kisima cha ng'ombe wa Raymond, na kwamba atarudi kula mchana. Hakurudi. Pikapu ilikutwa mjini kwenye kituo cha basi, ufunguo ukining'inia. Watu wakajumlisha wenyewe kwamba kapanda basi kaenda zake. Norbert naye, kwa masikitiko makubwa, akawaambia wanaume nje ya kanisa kwamba Raymond aliwahi kumdokezea habari za mwanamke fulani wa mji wa Denver.

Basi Verla hakuwa mjane na hakuwa mke. Kila Novemba padre anaposoma majina ya marehemu wa parokia, la Raymond halisomwi, kwa kuwa mtu aliyepanda basi si marehemu. Watu wa Tabor Grove, mji wetu, walimhurumia, na huruma ya watu wa huku mimi naijua: huletwa mlangoni pamoja na bakuli la viazi, na mletaji hachelewi kuchungulia ndani. Verla aliila ile huruma miaka nenda miaka rudi. Alitaka kitu kimoja tu, na hakuwahi kukificha: kujua kama Raymond alimwacha au hakumwacha.

Gari lake dogo lilipokufa mwaka huu, aliitoa pikapu bandani, akabadilisha betri na mafuta, akaingia barabarani. Hapo ndipo ilipoanza kumpiga mieleka.

Delmar aliiinua mbele kwa jeki, akaweka stendi. Akazigusa rimu kwa kiganja. Hakuna iliyopata moto kuliko mwenzake, kwa hiyo hakuna breki iliyong'ang'ania. Akashika kila tairi juu na chini akaitikisa, kisha kulia na kushoto. Bolijointi, vile viungo vinavyoyashika magurudumu, zilikuwa nzima. Akajilaza chini na tochi, akamwomba Verla apande aushike usukani, auchezeshe taratibu kulia na kushoto, ili yeye aone ni kiungo gani kinacholegea. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Fundi anayeifanya peke yake anabahatisha, halafu anakubadilishia vyuma visivyo na kosa.

Aliikuta tairodi ya kushoto, ule ufito unaoligeuza gurudumu, imelika, mpira umechanika, grisi imekauka. Akaitoa, akaweka mpya, akamwambia Verla auchezeshe usukani tena. Boksi la stelingi, lile la gia za usukani, hakuligusa. Lina skrubu moja juu yake, na wanaume wa huku wanaipenda sana ile skrubu. Kila mwenye bisibisi huizungusha kidogo akajiona ametengeneza, kumbe ameufanya usukani uwe mgumu katikati, na siku ya barafu utamuua. Delmar aliwachukia watu hao na aliwataja kwa majina akiwa chini kule.

"Basi, shemeji. Acha sasa," akasema.

Ufito wa chuma juu ya uso wake uliendelea kusogea.

"Nimesema acha."

"Nimeacha muda," Verla akajibu. "Nimeshika kahawa."

Delmar akaangaza tochi. Ufito ulisogea polepole mpaka mwisho wake, na tairi mbili za mbele, ambazo zilikuwa hewani, zikageuka zikaelekea ukuta wa magharibi, zikatulia hapo zikitetemeka. Akazirudisha kwa mikono. Alipoziachia zikageuka tena. Akatoka chini, akajifuta grisi, akasema kwamba hilo halitokani na tairodi.

Wakiwa bado wanazitazama, Norbert Klima akaingia. Hakubisha hodi, maana huku hatubishi hodi gerejini. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, na hakuna aliyewahi kumsikia akiipandisha. Akasimama akaziangalia zile tairi, akaangalia ukuta zilikoelekea, akavua kofia akaivaa tena.

"Jirani," akamwambia Verla, "hicho ni chuma chakavu. Kitakuua. Niachie nikichukue leo hii, nawe uchukue lile gari la marehemu mama. Limekaa tu, halina kazi."

Lilikuwa gari zuri, na mtu mwingine angeshukuru hapo hapo. Verla alishikwa na woga. Hakujua anaogopa nini, kwa sababu hapakuwa na neno baya hata moja katika yale aliyoambiwa. Delmar akasema kwamba gari la mteja halitoki kwake likiwa juu ya jeki, na kwamba bado hajalijaribu barabarani. Norbert akasema hana haraka, atarudi na trela baada ya chakula cha mchana. Verla hakuitika wala hakukataa. Norbert akakichukua kile kimya kuwa ndiyo, akaondoka.

"Ishushe," Verla akasema. "Twende kabla hajarudi."

Barabara za huku zimenyooka kama uzi. Ama zinakwenda kaskazini na kusini, ama mashariki na magharibi, zinakatana kila maili, na gari lenye kasoro halina pa kujifichia. Delmar alishika njia ya kaskazini, akalegeza vidole. Pikapu ikavuta kushoto. Akageuza akarudi kusini kwa njia ile ile, na mara hii ikavuta kulia. Kwenye njia panda akakata mashariki, na usukani ukawa mzito, ukipapatika mikononi kama kuku aliyeshikwa miguu, mpaka jasho likamtoka na Verla akaweka mkono wake pia kuusaidia. Wakageuza, wakaelekea magharibi. Papo hapo usukani ukalainika, pikapu ikanyooka, ikaenda kwa adabu kuliko ilivyowahi kwenda ikiwa mpya.

Delmar akaegesha pembeni, injini ikiunguruma. Aliwaza kidogo akiyatazama mashamba.

"Gari bovu huvuta upande, shemeji," akasema. "Hii inavuta mahali."

"Mahali gani?"

"Nikikuambia nitakuwa nakisia." Akaitia gia, akaondoa mikono, akaiweka juu ya mapaja.

Pikapu ikatembea yenyewe mwendo wa ng'ombe arudiye zizini. Walipita shamba la mtama la akina Sedlacek, wakapita kinu cha upepo kilichovunjika. Verla alikuwa ameushika mlango, na moyoni alikuwa ameshafika kabla ya pikapu kufika. Kwenye lango la Norbert Klima usukani ukazunguka wenyewe kulia. Bampa likalisukuma lango likafunguka, na pikapu ikapita uani, ikazunguka tangi la dizeli, ikafika nyuma kabisa kwenye ghala la chuma la mahindi. Ikaligusa ghala kidogo kwa bampa, ikasimama. Usukani ukalegea. Delmar akauchezesha kwa kidole kimoja, akakuta hauna kasoro yoyote.

Ghala lilikuwa limesimama juu ya zege la duara, na zege lile Verla alilijua. Lilimwagwa wiki ile ile Raymond alipopotea. Kwetu mtu akitangaza kwamba anamwaga zege, jirani hakai nyumbani, kwa kuwa zege likishachanganywa halimngoji mtu. Wanaume huja na matoroli na reki, wanawake huja na chakula. Siku ile Norbert alimfuata Verla mwenyewe nyumbani, akamwambia asikae peke yake na mawazo, aje akae na watu. Verla akajikaza. Akaoka kolache, vikate vitamu vyenye matunda ya plamu, sinia zima, akazibeba mpaka pale. Parokia yote ilikuwepo. Walisawazisha zege hadi jioni juu ya mahali palipokuwa na kisima cha zamani, na Norbert alizila zile kolache akiwa amesimama ukingoni, akamsifu mbele ya watu.

"Niliwaokea," Verla akasema.

Delmar akazima injini. Verla akalia, na alilia kwa mambo mawili kwa pamoja, wala hakujaribu kuyatenganisha. Raymond alikuwa chini pale. Raymond hakupanda basi lolote, hakumjua mwanamke yeyote wa Denver, na asubuhi ile aliposema atarudi kula mchana alikuwa anasema kweli. Verla hakuachwa. Alilirudia neno hilo kwa sauti, hakuachwa, na Delmar, ambaye naye alikuwa ameamini habari ya Denver kama wote, akatazama nje ya dirisha lake.

Trela likaingia uani nyuma yao. Norbert akashuka akaja hadi dirishani kwa Verla.

"Naona imekufikisha," akasema.

Akauliza kama aifunge kwenye trela sasa hivi. Verla akafuta macho akasema hapana. Norbert akasema sawa, kama anavyopenda yeye, kisha akarudi langoni akachunguza bawaba kama hazijapinda.

Sherifu Loren Beran, mkuu wa polisi wa wilaya, aliitwa akaja siku hiyo hiyo. Alimsikiliza Delmar, akaingia mwenyewe kwenye pikapu, akaipeleka kaskazini, kusini na mashariki. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuambiwa tu, alitaka kujionea. Kisha akaondoa mikono kwenye usukani, na pikapu ikampeleka hadi ghalani, ikasimama palepale. Akashuka. Verla alikuwa anamngoja.

"Chini ya zege hili kuna kisima," Verla akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nani alikifukia?"

"Tulipofika kilikuwa kimeshafukiwa." Sherifu akachuchumaa, akapitisha kiganja ukingoni mwa zege, mahali alipokuwa amelilainisha yeye mwenyewe kwa mwiko. Verla akasubiri. Alijua kwamba mtu yule ameelewa kila kitu, na alimwona akielewa, na kwa muda ule mfupi aliamini kwamba mambo yatakwenda inavyotakiwa.

"Zege zuri hili," sherifu akasema. "Halijapata ufa hata mmoja."

Akainuka, akaeleza kwa upole kwamba hakuna hakimu atakayesaini kuvunja ghala la mtu kwa sababu ya usukani wa pikapu kuukuu, tena ghala lenye mahindi ndani. Akasema atalifikiria. Mjini habari ilikuwa imeshaenea kabla hajafika. Hakuna aliyesema Verla ni mwongo. Watu walikubali kwamba pikapu ya Raymond inavuta kwenye ghala la Norbert, kama wanavyokubali kwamba bonde la akina Sedlacek hujaa maji. Ila zege lile walilimwaga wao, kila mmoja alikuwa na toroli lake pale, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika nyundo. Wanaume wakizungumza habari hiyo walizungumza habari za tairodi.

Delmar alijitolea kuibomoa stelingi yote aifunge upya, ili angalau mabega yapumzike. Verla akamkataza. Tangu hapo aliendesha kwenda kanisani, ambako ni mashariki, akiwa ameushika usukani kwa mikono miwili huku ameuma meno. Wakati wa kurudi alikuwa anaiachia. Ilimpeleka kwa Raymond, akakaa kwenye kiti mbele ya ghala, akamweleza habari za juma, nani kaoa, nani kauza ng'ombe, halafu akarudi nyumbani kwa kupigana nayo.

Mvua zilipoanza, ua wa Norbert ukawa matope matupu, na Jumapili moja pikapu ikazama hadi ekseli. Norbert akatoka na trekta akaivuta. Jumapili iliyofuata Verla alikuta lango limeachwa wazi, na kutoka langoni hadi ghalani njia yote imemwagwa kokoto safi, imeshindiliwa vizuri, imepanuliwa kidogo pale kwenye kona ya tangi la dizeli. Mjini walisema majirani wa namna ile hawapatikani siku hizi. Norbert alikuwa amesimama barazani, reki mkononi. Verla akateremsha kioo. Alimchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Lakini kwetu mtu akikuwekea kokoto, unamshukuru.

"Ahsante, Norbert," akasema.

"Usijali, jirani," Norbert akajibu. "Karibu wakati wowote."