Mechi ya Kugombea Mkia

Balthazar, mwenyekiti wa timu yetu, alinivuta pembeni ya uwanja wa Granville kabla ya mechi ya mwisho akaniambia leo nisidake mipira. Mimi, golikipa! Nimesimama golini mpaka goti limechakaa, halafu mwanamume mzima na ndevu zake anakuja kunibembeleza nifungwe kwa makusudi, kama mtu anayeniuzia vitenge. Nilimtazama nikajisemea, Nibigira, leo utalala polisi.

Ngoja nikueleze chanzo. Kombe letu la wanawake wa Kiafrika hapa Sydney lilikuwa limeharibiwa na undugu. Kila anayeshuka kwenye ndege anakwenda kwenye timu ya binamu yake, na sisi Warundi tuliotoka kambi za Kigoma, ukitutafutia binamu hutamaliza. Wale wa timu ya Mount Druitt wana ukoo mkubwa kuliko wote, basi wakawa wanabeba kombe kila mwaka mpaka tukachoka kuwapigia makofi. Kamati ikakaa, ikaamua: wachezaji wapya wote wanawekwa pamoja, na timu iliyoshika mkia ndiyo inachagua kwanza. Undugu marufuku. Hata mama hawezi kusema huyu ni wangu. Ukiikataa timu iliyokuchagua, huchezi mwaka mzima.

Sasa mwaka huu kati ya wale wapya alikuwamo mwanangu Ikirezi. Ametimiza miaka kumi na minane, na sisemi kwa sababu nimemzaa, watu wanapanda treni kuja kumwona akicheza. Kila mtu alijua atachaguliwa wa kwanza. Na mimi nilikuwa nimebaki na ndoto moja tu kwenye mpira: msimu mmoja, jezi moja, yeye mbele na mimi golini. Daktari alishaniambia goti halitavuka msimu ujao. Balthazar alilijua hilo, ndiyo maana alinibonyeza pale pale penye kidonda.

"Mama Ikirezi," akasema, "mcheza kwao hutunzwa. Tukifungwa leo, binti anakuja kwetu. Tukishinda, anakwenda Toongabbie."

Sisi na Toongabbie ndio tuliokuwa chini kabisa, pointi sawa. Atakayefungwa anashika mkia. Tukitoka sare, inarushwa shilingi. Nilimwambia Balthazar aniondokee mbele ya macho. Lakini sikumwambia hapana. Neno lenyewe lilikataa kutoka, na hilo liliniudhi kuliko hata maneno yake.

Mechi ikaanza. Jamani, niliyoyaona! Nilidhani wasio na haya ni sisi peke yetu, kumbe na Toongabbie wamekuja kufungwa. Raheli, kapteni wetu, akipata mpira anampa mpinzani. Mpinzani anamrudishia. Faida, mshambuliaji wao, msichana wa Bukavu mwenye shuti la kuvunja mbao, alifika mbele yangu peke yake, mimi na yeye na Mungu, akaniviringishia mpira taratibu. "Chukua, mama," akasema, huku anacheka. Refa, Mzungu wa watu, alisimamisha mchezo akatuuliza kama kuna mtu anaumwa. Watu walianza kwa kucheka, kisha wakazomea. Wanawake wanaokesha kwenye nyumba za kulelea wazee wakiwageuza vitandani, wanaobadilishana shifti ili waje kucheza, leo wanakimbia kuukwepa mpira!

Ikirezi alikuwa amesimama nyuma ya goli langu. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, nimeshazoea. Akaniuliza kama tunafanya hivi kwa ajili yake. Nikajifanya nakaza glavu. Basi akageuka, akawa anautazama ukuta wa vyoo. Aliona heri vyoo kuliko sisi.

Hapo nikachemka. Faida aliponiviringishia mpira mara ya pili sikuudaka, niliuweka mguuni nikatoka nao golini. Toongabbie wakanipisha kama bibi harusi. Beki wao mmoja hata alinionyesha njia kwa mkono. Walionikimbiza ni wa kwangu! Raheli alinivuta jezi mpaka mshono ukaachia, akinisihi nimfikirie mwanangu. Nikamwambia, huku nahema, ndiye ninayemfikiria, niachie. Balthazar anakimbia kando ya mstari ameshika kichwa. Goti linawaka moto. Golikipa wao alikuwa ameinama pembeni anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Nikaupiga ule mpira kwa hasira yangu yote, ukaingia.

Dakika mbili baadaye filimbi ya mwisho ilipolia, walioshindwa walikumbatiana wakaimba, walioshinda wakakaa chini kama wafiwa. Balthazar akaniambia nimemuuza mwanangu kwa mikono yangu. Nikamjibu kwamba akitaka mtu wa kufungwa makusudi amweke mkewe golini.

Uchaguzi hufanyika pale pale uwanjani. Toongabbie hawakungoja hata jasho likauke, wakataja jina la Ikirezi. Faida akaileta jezi yao, na kwa kuwa kwetu huchukui binti bila kumwona mama, alikuja nayo mpaka niliposimama, kichwa chini. Ikirezi hakuipokea. Alisema kwa Kiingereza, tena mbele ya wote, kwamba havai jezi ya watu wanaoukimbia mpira. Bora akae mwaka mzima bila kucheza.

Nilimwangalia. Hasira ile ilikuwa yangu mimi, usoni kwa mtoto wangu, na ilikuwa inataka kula mwaka wake mzima. Moyo wangu ulikuwa unasema mwache akatae, akae nyumbani na wewe. Nikauchukia moyo wangu kama nilivyomchukia Balthazar. Nikaichukua ile jezi mikononi mwa Faida.

"Vaa," nikasema.

"Mama..."

"Vaa, nimesema. Kawafundishe kushinda. Na siku ukinikuta golini ukanionea huruma, usije nyumbani kula."

Aliivaa huku analia. Kisha akauchukua mpira, akauweka mahali pa kupigia penalti, akaniambia nirudi golini. Nilirudi nikichechemea, nikasimama katikati. Alipiga kwa nguvu zake zote. Nilijirusha na goti langu bovu, mpira ukatinga wavuni, na sikuugusa.