Bidoni ya Hitimana

Igiraneza alitundika bidoni thelathini za manjano, zile za kuchotea maji, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Mapendo, na ndani ya kila moja akaficha spika ndogo. Ukisimama chini yake unasikia mtu akiongea. Anasema hiyo ni sanaa. Mimi sanaa siijui, nilikwenda kumsikia mume wangu.

Hitimana alikuwa dereva wa lori. Mwaka jana Igiraneza alimrekodi yeye na wenzake, akiwaomba waite wake zao kama wanavyowaita kila siku wakifika nyumbani. Miezi miwili baadaye mume wangu aliuawa njiani kwenda Rutshuru, na simu iliyokuwa na sauti yake ikapotea naye.

Kwetu mume hamwiti mkewe kwa jina lake, humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Umurerwa wetu alifariki akiwa na miaka minne. Majirani, kwa kunihurumia, wakaanza kuniita kwa jina langu mwenyewe, Mama Pascasie, kana kwamba sikuwahi kuzaa. Hitimana peke yake alikataa. Kila jioni mlangoni aliita, "Mama Umurerwa," nami nikaitika "Karame," kama tunavyoitika sisi. Hivyo mtoto wetu alitajwa nyumbani angalau mara moja kwa siku.

Bidoni yake ilikuwa ya mwisho, karibu na dirisha. Nikasikia kikohozi chake cha sigara. Kisha kimya. Kisha, "Nimefika, unifungulie." Nikangoja irudie. Kikohozi, kimya, nimefika.

Nilimwendea Igiraneza nimefura kwa hasira. Akanieleza kwa upole kwamba alikata majina yote ya watoto, maana siku hizi wenye bunduki wanatafuta watu kwa majina, akaacha kimya mahali pake. Nikamuuliza vipande alivyokata viko wapi. Alikuwa amevifuta.

"Mama, nilitaka tu kulinda mutoto," alisema.

"Mutoto alishakufa, Igiraneza. Kulibakiaka jina tu."

Alilia, mjinga yule, nami nikalia naye, kwani ningemchukiaje? Alitaka kuizima bidoni ile. Nilimkataza.

Sasa naenda kila siku nikishafunga meza yangu sokoni Majengo. Hitimana anakohoa, halafu kinakuja kile kimya, kifupi, urefu wa jina la mtu. Sijathubutu kulitaja mwenyewe, maana si mimi niliyekuwa nikiita. Naitika tu, "Karame," naye ananiambia amefika.