Mikebe ya Omosa

Mwaka wa tisini na nne, siku aliyotoka Migori kwenda Homa Bay kununua samaki, Omosa alimwambia mkewe amwekee uji. Uji ulipoa, ukaganda. Moyo wa Omosa ulikuwa umesimama ghafla kando ya soko. Yeye alibaki mochari. Kilichorudi nyumbani ni mfuko wake, na ndani ya mfuko mkebe mtupu wa bia, ungali unanuka.

Omosa alikuwa shemasi wa Kisabato. Harufu ile ilifika kanisani kabla ya habari ya msiba kumaliza kuenea. Wazee walipokuja matangani, Mzee Zadock hakuketi.

"Mama Bochaberi, pole. Lakini kanisa haliwezi kumwimbia mlevi kaburini."

Jerusha, mjane wa Omosa, aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka amekumbatia katoni.

"Shemeji, unataka kutumaliza?" Mochama, ndugu wa marehemu, alimnong'oneza. "Ficha hivyo vitu!"

Jerusha alivimwaga vyote mkekani. Mikebe ya Kenya, ya Tanzania, ya Uganda, na mmoja wa maandishi ya kigeni ambao mtalii aliuacha kisiwani Mfangano bado haujafunguliwa. Sinia la baa lenye picha ya ndovu. Vizibo tele. Kwa miaka alikuwa amemgombeza mumewe kwa ajili ya takataka hizo, naye alikuwa akijibu kwamba mkebe uliovuka mipaka yote hiyo haufai kukatwa kuwa koroboi.

"Kumbe tulikuwa na baa inayotembea!" mtu akasema. Wengine wakacheka.

"Mzee, chukua mmoja," Jerusha akasema. "Nionyeshe alikonywea."

Kidole cha Zadock kilikwenda moja kwa moja kwenye kipete cha kufungulia, juu. Kilikuwa kimefungwa. Akachukua wa pili, wa tatu. Yote imefungwa, kama ilivyotoka kiwandani.

"Jaduong', mzee wetu, lakini kidole chako hakikupotea njia!" sauti ikatoka mlangoni. Wanawake wakaficha nyuso kwenye leso zao, mabega yakitikisika.

"Sasa pindua," Jerusha akasema.

Chini ya kila mkebe kulikuwa na vitundu viwili vya msumari.

"Mlevi gani atahangaika na msumari huku chini, na mlango uko juu?"

Yule wa mlangoni akaingia. Alikuwa Dolphine, mwenye baa Homa Bay, aliyekuja kuomboleza.

"Msumari ni wangu, mzee. Aliniomba: mteja akiagiza bia ya mkebe, nitoboe chini, nimmiminie kwenye glasi, mkebe nimwekee yeye bila kuharibu uso wake. Siku ile nilimpa mmoja, sikuuosha. Yeye mwenyewe alikuwa akinywa soda. Na hiyo soda aliiombea kwanza!"

Safari hii hakuna aliyeficha kicheko. Zadock alipangusa miwani yake, akakohoa, kisha akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, juu mno, mpaka wanawake wakamwokoa kwa kuushusha.

Jumapili kanisa zima lilimzika Omosa. Kwaya iliimba hadi sauti zikakauka, na Jerusha alitembea nyuma ya jeneza kichwa juu, sinia la ndovu kwapani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aliweke chini.

Mikebe iko sebuleni sasa. Kila Ijumaa kabla jua halijatua Jerusha huipangusa vumbi. Dolphine angali anamtumia mingine, imetobolewa chini.