Walakini

Kaka yangu hakuwahi kukubaliana na mtu. Sisemi hivyo kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Mji mzima unajua. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi redioni, na watu walimwita Walakini. Jina alilipata siku mheshimiwa mmoja alipokata utepe kwenye tangi jipya la maji. Redio zote zilisifu. Kaka naye akasifu, tena kwa sauti tamu, kisha akauliza, "Walakini, bomba liko wapi?" Bomba halikuwepo. Tangi lilisimama pale, zuri, limepakwa rangi ya bluu, kavu kabisa. Siku ile tulitembea vifua mbele.

Shida ni kwamba sifa zilimnogea. Baada ya tangi akapinga kila kitu. Kupiga kura ni kuchagua nani aje akusahau. Wanaokimbia asubuhi bila kufukuzwa wana lao. Furaha ni maradhi yanayoenezwa na simu. Taarifa ya habari inaharibu akili za watu, alisema, halafu akaisoma taarifa ya habari. Madaktari nao aliwapa fungu lao: wakishika kisu, masikio yanaziba. Wasikilizaji walipiga simu wakicheka. Wengine walimwitikia kwa dhati, na hao ndio walionitia hofu.

Mama hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule katika chumba cha mbele, redio ikiwa juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mabaki ya vitambaa. "Huyu mgeuze ndani nje ndiyo uone mshono," aliniambia, pini zikiwa mdomoni. Tangu utotoni alimjua hivyo. Akisema hana njaa, Mama alimpakulia. Hata chai ya Mama haikusalimika: "Chai nzuri, Mama, walakini maji yamechemka mno." Mama alicheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali. Maadamu mwanawe alipinga, kwake mambo yalikuwa shwari.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua Mama. Akaficha, akaficha, mpaka siku moja nikamkuta ameinamia cherehani, haendeshi. Hospitali wakaona uvimbe. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole mwenye macho ya uchovu, alituambia bila kuzunguka.

"Haujasambaa. Tukiutoa sasa, nafasi ya kupona ni kubwa. Tukichelewa, sina la kuwaahidi."

Mama alimsikiliza, akatazama dirishani. "Nimsikie mwanangu kwanza," akasema.

Nikampigia kaka. Nikamwonya, tena kwa ukali: ya redioni ayaache redioni, asije akamtia Mama wasiwasi. Hakubisha, nami kwa ujinga wangu nikafurahi. Alifika na shati lililopigwa pasi, midomo imemkauka. Akakaa pembeni ya kitanda, akamshika Mama mkono.

"Mama, daktari anasema kweli. Kubali akufanyie upasuaji."

Mama akasubiri. Uso wake ulikuwa tayari kucheka. "Walakini?"

"Hakuna walakini, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wote tumekubaliana."

Nilimwona Mama akinyauka pale pale. Akautoa mkono wake polepole, akavuta shuka mpaka kifuani. Alipozungumza, alizungumza na mimi.

"Mwanangu, nirudisheni nyumbani."

"Mama! Kwa nini?"

"Kaka yako tangu azaliwe hajawahi kukubaliana na mtu. Leo amekubaliana na daktari, na nesi, na wewe. Mnanionea huruma. Ningekuwa wa kupona, angebishana."

Tuliapa. Daktari akaitwa, akaeleza upya, akionyesha kwa vidole ukubwa wa uvimbe. Kadiri tulivyokuwa na kauli moja, ndivyo Mama alivyozidi kuamini kwamba tumepanga. Mwishowe kaka akasimama, jasho linamtoka, akarudia sauti yake ya redioni.

"Basi usifanye! Hawa madaktari waongo wakubwa! Wakishika kisu—"

"Umechelewa, baba," Mama akamwambia, akimpapasa shavu. "Sasa unaniigizia."

Akatabasamu. Tabasamu lile sitamsamehe mtu kwa ajili yake, hata Mama mwenyewe.

Tukamrudisha. Kwa muda alishona, akinifundisha kola zilizonishinda siku zote. Kila nilipoanzisha habari ya hospitali aliniuliza uzi mweupe uko wapi. Baadaye hakuweza tena kukaa, akawa ananielekeza akiwa kitandani. Alikufa asubuhi, redio ikiwa imezimwa, kama alivyoomba mwenyewe.

Kaka alirudi kazini. Mimi nilikuwa kwenye cherehani ya Mama nilipomsikia akisoma habari ya mheshimiwa fulani kusifu huduma za afya. Akafika mwisho, akavuta pumzi. "Walakini," akasema. Kikafuata kimya. Nikaacha kukanyaga pedali. Kimya kikaendelea mpaka likawekwa tangazo la sabuni.

Jioni akaja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, magoti pamoja, akivitazama vipande vya vitambaa sakafuni. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba angemkubalia mama yake jambo moja dogo tu, miaka yote ile, leo tungekuwa naye. Lakini ni mimi niliyemwambia asibishe siku ile. Nikamtilia chai kwenye kikombe cha Mama.

Akanywa. Akakiweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Chai nzuri," akasema.

Nikasubiri. Hakuongeza neno, nami nikaangua kilio.