Kundi Lisilotembelewa

Ofisini kwetu wana utani wao juu yangu. Wanasema siku nikikatwa haitatoka damu, zitatoka asilimia. Wanadhani sijui. Mimi ni mkuu wa utafiti katika kituo cha huduma za jamii, na kazi yangu ni kuwaambia wenye moyo mwema kama wema wao unafika au unaishia njiani. Ni kazi isiyo na marafiki wengi, na nilishaizoea.

Kwa hiyo asubuhi ile niliingia kwa mkurugenzi na ripoti mkononi bila kupepesa macho. Mkurugenzi wetu tunamwita Kiranja, maana hawezi kupita kwenye korido bila kunyoosha kiti kilichokaa upande au kuuliza nani kaacha bomba linatiririka. Yeye ndiye aliyeanzisha huduma ya kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Aliianza kwa miguu yake mwenyewe, kabla hajapata cheo wala kiti cha kuzunguka. Kila wiki mtembeleaji anakwenda kwa mzee wake, wanakaa, wanaongea, anaaga. Hampelekei chochote ila masikio.

"Haya, niambie," akasema.

"Haisaidii."

Nilimweleza, ingawa mpango wenyewe aliujua. Tuliwagawa wazee kwa kura. Kundi moja likawa linatembelewa. Kundi la pili likabaki kwenye foleni, halitembelewi, ili tuwe na wa kuwalinganisha nao. Wahoji wangu walipita kwa wote, kila wiki, mwaka mzima: unalalaje, unakula na nani, una mtu wa kuzungumza naye. Bodi ilitaka mara moja kila baada ya miezi kadhaa, mimi nikakataa. Watu husahau, niliwaambia, na mimi sijengi hoja juu ya kusahau kwa watu. Sasa majibu yalikuwa mezani. Wanaotembelewa, upweke wao ulikuwa umepungua sana. Wasiotembelewa, wa kwao ulikuwa umepungua karibu sawa na wa wenzao.

"Una maana wamepona wenyewe," akasema Kiranja.

"Nina maana watembeleaji wako wakienda au wasipoenda, ni yale yale."

Bodi ilikuwa ikutane wiki iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba huduma isiyoonyesha tofauti itafungwa, na tulimjua, hakuwa mtu wa kutania. Watembeleaji wangerudishwa nyumbani, na wazee wangerudi kuongea na redio.

Kiranja aliinyoosha ripoti ikalingana na ukingo wa meza. Kisha akasema, "Sitakuomba uguse hata tarakimu moja."

Hapo ndipo aliponiweza. Nilikuja na hasira zangu zote zimeiva, nimejipanga kwa ugomvi, na sasa sikuwa na pa kuzimwaga. Nilimhurumia, na mimi kumhurumia mtu ofisini ni jambo linalonikera.

"Ila nina swali," akasema. "Hawa wa kundi la pili, nani amewaaga?"

"Kuwaaga?"

"Mwaka mzima mmeingia majumbani kwa watu mkawauliza kama wanalia usiku. Sasa mmemaliza, mnapotea tu?"

"Haimo kwenye mpango wa utafiti."

"Basi iweke, mdogo wangu. Twende wote."

Nilinung'unika mpaka kwenye gari. Nilimwambia nina kazi, yeye akanijibu kwamba hii nayo ni kazi, akafunga mkanda.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani mstaafu, anayeishi chumba cha chini nyuma ya jengo la ghorofa. Nilimjua kwa namba tu. Tulipobisha hodi, mlango ulifunguka kabla sijashusha mkono. Mzee alivaa shati lililopigwa pasi likanyooka barabara, kola imefungwa hadi juu. Ndani, cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na mbele yake viti viwili vimetazamana. Kwenye kimoja palikuwa na mto. Chupa ya chai ilikuwa mezani, na vikombe viwili vimefunikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmechelewa leo." Akachungulia nyuma yetu. "Yule binti yuko wapi? Anaumwa?"

"Haumwi, baba," nikasema. "Kazi ya maswali imekwisha. Tumekuja kukuaga na kukushukuru."

"Imekwisha?" Alimtazama Kiranja, akanitazama mimi. "Mbona mimi sijamaliza kujibu?"

Kiranja akaketi kwenye kiti chenye mto bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake. Mimi nilibaki nimesimama karibu na cherehani.

"Mzee, ulikuwa bado na majibu gani?" akamuuliza.

"Ya wiki hii. Si kuna lile swali, jambo gani limekufurahisha wiki hii? Mwanzoni nilikuwa nasema hakuna. Binti anaandika, hakuna. Wiki nyingine, hakuna. Nikaona aibu. Mtu anatoka kwao kwenye jua lote hili, kisha unampa hakuna? Ikabidi niwe natoka kulitafuta. Naenda hadi barabarani, nakaa kwa muuza magazeti, nasikiliza wanabishana mpira. Siku hizi hata mimi nabisha. Wiki hii nimemshinda mtu mzima na akili zake."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kuna kitu kilikuwa kinaanza kunitekenya nyuma ya shingo, na sikukipenda.

"Baba," nikasema, "kuna swali jingine. Ukiamka unaumwa, yupo mtu atakayejua? Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Zamani nilijibu hapana. Baadaye nikajibu yupo."

"Ni nani?"

Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa jina lake na mwanawe. "Si nyinyi? Mkija Alhamisi mnikose mlangoni, hamtajua?"

Nilivuta kile kiti cha pili nikakaa. Kundi langu lisilotembelewa lilikuwa limetembelewa mwaka mzima, kila Alhamisi, bila kukosa. Na aliyekuwa akilitembelea ni mimi. Nilitaka kupima upweke, nikawatuma watu wenye adabu na kalamu wakakae na wapweke wawaulize habari zao wiki baada ya wiki, na wasiondoke mpaka wamesikia jibu la mwisho. Kisha nikashangaa upweke umekwenda wapi. Shule zote zile nilizosoma, na sikuliona.

Kwenye gari Kiranja alijizuia kwa muda, halafu akaangua kicheko mpaka akafuta machozi.

"Umeendesha huduma yangu mwaka mzima," akasema, "na umeiendesha vizuri kunishinda."

"Usicheke."

"Wacha nicheke. Nilikuwa nimeanza kuwatafutia watu wangu maneno ya kuwaaga."

Nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikamwambia atazame mbele anapoendesha. Siku zilizobaki tulipita kwa wengine wa kundi la pili, na kwa wengi wao tulikuta kiti kimeandaliwa.

Mbele ya bodi nilisimama mwenyewe. Kiranja alitaka kunisaidia kueleza, nikamkatalia. Nilisema utafiti umeharibika na aliyeuharibu ni mimi. Mwenyekiti aliivua miwani yake.

"Kwa hiyo huduma inasaidia au haisaidii?"

"Sijui," nikasema, neno ambalo sijalizoea. "Ninachojua ni kwamba hatuna hata mzee mmoja aliyekaa bila kubishiwa hodi. Mkitaka jibu kamili, tuchague watu tuwaache kabisa, mwaka mzima, huku tunawajua majina na nyumba zao. Huo utafiti mtafute mwingine wa kuufanya."

"Ripoti hii basi?"

"Ni ya kutupa."

Walinong'onezana kwa muda uliotosha kunitoa jasho la mgongo. Hatimaye wakaipa huduma mwaka mwingine, ndipo mwenyekiti akauliza wale wa foleni watakuwa wa nani, kwa kuwa watembeleaji hawatoshi na wahoji mikataba yao imekwisha. Kiranja akasema kila mtu wa ofisini atachukua mzee mmoja, kuanzia yeye. Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuwa na haja.

Alhamisi nilibisha hodi kwa fundi. Nilikuwa mikono mitupu na sikujua niiweke wapi. Alinikaribisha kwenye kiti chenye mto, akanimiminia chai, akasubiri nianze kuuliza.

"Leo huna maswali?"

"Leo sina, baba."

"Basi nitauliza mimi. Yote ninayo kichwani." Akakohoa, akakaa wima kama wahoji wangu wanavyokaa. "Ukiamka unaumwa, yupo mtu atakayejua?"

Nilifungua mdomo. Nilimfikiria mdogo wangu, anayepiga simu sikukuu. Nikafikiria mlango wa nyumbani kwangu, ambao hufunguliwa na mimi na kufungwa na mimi. Mzee alingoja. Mimi ndiye niliyewafundisha wahoji kungoja hivyo: msimpe mtu jibu, msimharakishe, kaeni tu mpaka alipate mwenyewe. Alikuwa amejifunza vizuri.

"Hapana," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, bila kunihukumu, akanisogezea kikombe.

"Sasa yupo," akasema. "Alhamisi nisipokuona, nitajua."